Shaaban Robert: Mwana wa Machui Aliyeishi Katika Karatasi

Katika toleo hili tunawaletea habari za maisha ya mtu ambaye wengi wetu tulimjua kwanza darasani, kabla ya kujua alizaliwa wapi wala alikufa lini. Mtu huyo ni Shaaban Robert, mshairi na mtunga hadithi wa Tanga. Hakuwa mtu wa mkoa wetu wa Singida, wala hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa Mwislamu wa pwani. Lakini lugha tunayoombea, tunayohubiria na tunayoandikia gazeti hili ndiyo aliyoitumikia maisha yake yote. Kwa sababu hiyo twamhesabu kuwa jirani yetu.

Tunayo pia sababu ya karibu zaidi ya kumwandika. Katika parishi yetu alifariki katekista mmoja mzee, ambaye kwa miaka mingi aliandika katika madaftari habari za safari zake za kutembelea Wakristo vijijini: njaa, mvua, ubatizo, misiba, na majina ya watu waliompokea. Baada ya matanga nyumba ilisafishwa. Wale waliosafisha hawakujua karatasi zile ni kitu gani, wakawashia moto wa kupikia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini tulipotaka kuandika habari za makanisa yetu madogo, tulikuta kwamba aliyezijua amekwisha kuondoka, na alichoziandikia kimekwisha kuwa majivu.

Huzuni hiyo tulikuwa nayo bado tulipokwenda Tanga kwa arusi ya kijana wetu mmoja. Safari kutoka Singida ni ndefu: Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza. Mtu aliyezoea miamba yetu na mashamba ya alizeti huona nchi ikigeuka polepole, hata anapofika kwenye mikonge na minazi, na hewa yenye chumvi ya bahari. Siku ya pili baada ya arusi tulikuwa na nafasi, tukakubaliana kwenda Machui.

Njiani mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa pamoja nasi alitueleza habari za mwandishi wa Marekani, mwanamke aliyeitwa Willa Cather. Alizaliwa mwaka 1873, na alipokuwa na umri wa miaka tisa wazazi wake walihamia Nebraska, nchi ya mbuga na nyasi iliyokuwa ikianza kulimwa na wahamiaji waliotoka Ulaya. Alikulia katika mji mdogo uitwao Red Cloud, na baadaye akaandika hadithi za wakulima wale waliopambana na ukame na baridi. Alikufa mwaka 1947. Watu wa mji ule waliunda chama mwaka 1955 ili kutunza kumbukumbu zake, na nyumba aliyokulia ingali ikitunzwa, hata chumba chake cha utotoni chenye karatasi za ukutani alizozibandika kwa mkono wake mwenyewe. Wageni husafiri mbali kwenda kukiona. Tulimwuliza mwalimu: na sisi tumemtunzia nini Shaaban Robert? Tulikuwa na swali hilo mpaka tulipofika.

Machui iko kusini mwa mji wa Tanga, mwendo wa kilometa kama 10, upande wa kwenda Pangani. Hapo jirani, katika kijiji cha Vibambani, ndipo Shaaban Robert alipozaliwa tarehe 1 Januari 1909. Nchi ilikuwa chini ya Wadachi, na Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Alikuwa hajatimiza miaka sita wakati Waingereza waliposhuka Tanga kwa meli mwezi wa Novemba 1914 wakapigwa na kurudishwa baharini. Alipofikia umri wa kwenda shule, bendera ilikuwa imekwisha kubadilika.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Katika wanafunzi 11 waliopata cheti cha kumaliza shule, yeye alikuwa wa pili. Kwa wakati ule, cheti namna hiyo kilimfungulia Mwafrika mlango mmoja mkubwa, nao ulikuwa ukarani. Akaajiriwa katika Idara ya Forodha, akakaa huko kwa miaka 18, na Pangani kikawa kituo chake kimojawapo. Mchana alihesabu mizigo na ushuru wa serikali. Muda uliobaki aliutumia kusoma na kuandika. Inafaa vijana wetu wakumbuke jambo hili: mtu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili hakupata elimu ya chuo kikuu, na maisha yake yote ya kazi alikuwa karani mwenye mshahara mdogo.

Ikumbukwe pia hali ya lugha yenyewe siku zile. Mwaka 1930 ndipo ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na Kiunguja kikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Wako watu wa pwani waliokiona Kiswahili hicho kuwa kikavu, kama chakula kisicho na chumvi. Shaaban Robert alikichukua akakitia ladha. Ushairi ulikuwa umestawi pwani kwa karne nyingi, lakini insha na hadithi ndefu zilizotungwa na Mwafrika mwenyewe kwa herufi za Kirumi zilikuwa chache sana. Yeye aliziandika zote mbili, wala hakuuacha ushairi.

Katika miaka ile ya ukarani msiba ulimpata. Mkewe Amina alifariki dunia. Shairi lake la kumwombolezea limesomwa na vizazi vingi vya wanafunzi, na hata mtu asiyependa mashairi huligundua kuwa limetoka katika moyo uliovunjika. Basi akabaki na malezi ya watoto, Mwanjaa na nduguye Suleiman. Karani huyu hakuwa na mashamba makubwa wala majumba ya kuwarithisha. Akafikiri awape nini. Akawatungia tenzi mbili: Hati kwa ajili ya binti, na Adili kwa ajili ya mwana. Humo aliwausia kumcha Mungu, kuheshimu wazazi, kutunza ulimi, kupenda elimu na kufanya kazi kwa uaminifu. Si kila neno la Hati ambalo binti zetu wa leo watalipokea bila kuuliza, hasa yale yahusuyo nafasi ya mke nyumbani. Na waulize. Lakini wasisahau kwamba ni baba aliyeketi akafikiri kwa makini juu ya maisha ya mtoto wake wa kike, akamwandikia, katika siku ambazo wengi hawakuona hata haja ya kumpeleka binti shule.

Mwaka 1944 alitoka katika Forodha akahamia idara iliyoshughulika na wanyama, na kazi hiyo ikamleta Mpwapwa. Hapa sisi watu wa bara ya kati twaweza kumwona vizuri. Mtu wa bahari na minazi akajikuta katika nchi ya vumbi, mibuyu na mvua za kuhesabu, kama nchi yetu ya Manyoni. Habari za miaka hiyo alizitia katika kitabu cha Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, na tenzi zile mbili za watoto akaziweka humo humo. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha katika idara ya upimaji hadi 1960.

Katika miaka hiyo ya Tanga kalamu yake ilizaa sana. Mwaka 1951 kilitoka Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, na mbinguni, na ardhini, wakaleta mambo mema, wakalipwa kifungo. Nchi ile haimo katika ramani, lakini wasomaji wa Tanganyika chini ya utawala wa kigeni hawakuhitaji ramani kuielewa. Mwaka 1952 kikafuata Adili na Nduguze, kisa cha ndugu wenye husuda na mwenye kusamehe. Mwaka huo huo ndipo ilipotolewa Biblia nzima ya Union Version, ile tunayoisoma kanisani. Hivyo mzee aliyejifunza kusoma Kiswahili Kilimatinde au Singida miaka ile aliweza kupata vitabu hivyo viwili vikiwa vipya.

Heshima alizipata. Alipewa tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE. Alikuwa mjumbe wa kamati za lugha, na pia wa baraza la mji wa Tanga. Lakini heshima na riziki ni vitu viwili. Miswada yake mingi ilikaa bila kuchapwa, na katika kutafuta njia alijaribu kuanzisha biashara yake mwenyewe ya kutoa vitabu huko Tanga. Wakati huo huo aliendelea kuandika, kana kwamba wasomaji wamekwisha kupanga mstari mlangoni.

Uhuru wa Tanganyika ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa hai akaushuhudia. Mwezi wa Juni 1962 alifariki, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa huko huko kwao. Vitabu vyake vingi vilimfuata nyuma. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, pamoja na Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti karibu 3,000 juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Mwaka 1968 vikatoka Siku ya Watenzi Wote na Utubora Mkulima. Hicho cha mwisho twakipendekeza kwa wakulima wetu wote, kwa maana ni habari ya mtu aliyeacha kazi ya mshahara mjini akaenda kushika jembe shambani Busutamu, asione haya. Mwandishi wake hakupata kukishika kikiwa kitabu.

Tulisimama Machui chini ya minazi tukiyakumbuka hayo. Kijiji kilikuwa katika shughuli zake, watu wakienda na kurudi kama katika kijiji chochote. Mwalimu wetu akarudia swali lake: tumemtunzia nini? Ndipo akatukumbusha jambo ambalo wengine wetu hatukulijua. Shaaban Robert alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge, naye pia mwandishi. Kwa miaka mingi kaka alimwandikia mdogo wake barua: habari za kazi, za nyumba, za fedha, za vitabu vilivyokwama. Mdogo alizipokea, akazisoma, na baada ya kuzisoma hakuzitupa. Alizitunza. Barua za tangu mwaka 1931 hadi 1958, yaani miaka 27, zilitolewa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002, yaani miaka 40 baada ya kifo chake.

Basi tukaona kwamba jibu tumelipata. Jijini Dar es Salaam uko mtaa wenye jina lake, kando ya Makumbusho ya Taifa, na iko shule ya sekondari yenye jina lake. Hizo ni heshima njema. Wala hatusemi kwamba nyumba za waandishi zisitunzwe. Wale wa Red Cloud wamefanya vema, na sisi tungefurahi kufanya kama wao. Lakini nyumba ya udongo na makuti haidumu miaka mia, na Shaaban Robert hakujenga nyumba ya kudumu. Aliishi katika karatasi. Mlinzi wa nyumba hiyo alikuwa ndugu mmoja mwenye sanduku, aliyekataa kuwashia moto barua za kaka yake. Bila mtu huyo, leo tungekuwa na mshairi mkubwa kwenye vitabu vya shule, lakini Shaaban mwenyewe, mwenye madeni na wasiwasi na upendo kwa mdogo wake, angekuwa amepotea.

Aliyeumizwa zaidi na maneno hayo alikuwa mjukuu wa katekista yule wetu, kwa maana alikuwapo nyumbani siku karatasi zilipochomwa. Hakusema kitu pale Machui. Tuliporudi Singida alinunua daftari kubwa, akaanza kuwazungukia wazee waliomjua babu yake, mmoja mmoja, akiandika wanayoyakumbuka: walibatizwa wapi, nani aliwafundisha kusoma, mwaka wa njaa walikula nini. Daftari la babu halitarudi. Hili la mjukuu limefika ukurasa wa 60.

Wapenzi wasomaji, tunawaomba mfanye mambo mawili. Kwanza, kabla ya kusafisha nyumba ya marehemu, fungueni masanduku, msome kilichomo, na msipoelewa muulize. Pili, kila mzazi ajue kwamba hata asipokuwa na ng'ombe wala shamba la kurithisha, kalamu na karatasi anaweza kuzipata. Mali bila daftari, wahenga walisema, huisha bila habari. Nasi twaongeza kwamba watu nao ni hivyo hivyo. Wazee wanaotaka kusimulia, yule binti anawasubiri baada ya ibada ya Jumapili, mlango wa upande wa mashariki, akiwa na daftari lake mkononi.