Helen Taussig, mganga aliyekataa kuwaambia wazazi kwamba hakuna njia

Tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mtoto msichana wa miezi 15 aliingizwa kwenye chumba cha operesheni. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 4, yaani sawa na mtoto wa mwezi mmoja. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya buluu, na kucha vilevile. Alikuwa anaishi ndani ya hema la oksijeni, na kila mtu pale hospitalini alijua kwamba bila kufanya kitu atakufa. Jina lake Eileen Saxon.

Ndani ya chumba hicho alikuwemo mwanamke wa miaka 46, Dokta Helen Taussig. Hakuwa mpasuaji. Masikio yake yalikuwa yamepoteza nguvu, hata kusikiliza moyo kwa chombo cha kawaida ilikuwa shida kwake. Lakini wazo la operesheni ile lilikuwa lake.

Helen Taussig alizaliwa tarehe 24 mwezi wa tano 1898 huko Cambridge, jimbo la Massachusetts. Baba yake, Frank Taussig, alikuwa profesa wa uchumi kwenye chuo kikuu cha Harvard. Kwa kumwangalia kutoka mbali mtu angesema ni mtoto wa bahati. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu wakati Helen alikuwa na miaka 11, na yeye mwenyewe aliugua ugonjwa huohuo. Shuleni herufi zilikuwa zinamchanganya. Kusoma kulimpa taabu kubwa, na baba ndiye aliyekaa naye kwa uvumilivu mpaka akashinda.

Alipotaka kusomea uganga, Harvard ilimfungia mlango. Wakati huo chuo hicho hakikuwa kinapokea wanawake kwenye masomo ya uganga. Walimruhusu kusikiliza masomo fulani, bila kumpa diploma, na katika somo moja alipaswa kuketi peke yake mbali na wanafunzi wanaume. Aliendelea Boston, ambako profesa wake alimpa moyo wa ng'ombe ili auchunguze. Kutoka siku hiyo hakuachana tena na moyo. Diploma ya uganga aliipata Johns Hopkins mwaka 1927.

Mwaka 1930 alipewa kuongoza kliniki ya moyo ya watoto kwenye hospitali hiyo. Isifikiriwe kwamba ilikuwa zawadi. Watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo walihesabiwa kuwa kesi zilizopotea, na mganga mwenye kutafuta sifa hakuwa na sababu ya kuwakimbilia. Karibu na wakati huohuo masikio yake yakaanza kuzima. Akajifunza kuweka vidole juu ya kifua cha mtoto na kusikia kwa mkono kile ambacho wenzake walisikia kwa sikio. Akatumia pia mashine ya eksirei iliyoonyesha moyo ukipiga, akimgeuza mtoto upande mmoja na mwingine, akilinganisha vivuli.

Wengi wa watoto wake walikuwa na ugonjwa ambao Wafaransa wanauita maladie bleue. Étienne-Louis Fallot, mganga wa Marseille, alikuwa ameueleza vizuri mwaka 1888. Ndani ya moyo kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini, na njia ya kupeleka damu kwenye mapafu imebanwa. Damu nyingi inarudi mwilini bila kupitia mapafu kuchukua oksijeni, ndiyo maana ngozi inageuka buluu. Mtoto akitembea hatua chache anachuchumaa, magoti kifuani, ili apate pumzi. Katika mitaa yetu ya Goma ao Bukavu, kuna watu ambao wangeona mtoto wa namna hiyo na kuanza kutafuta ni jirani gani amemloga. Wazazi wa Baltimore hawakuambiwa hivyo, lakini kile walichoambiwa hakikuwa na faida zaidi: mrudishe nyumbani, mpende, siku zake ni chache.

Taussig aliwaangalia watoto hawa kwa miaka, na akagundua jambo moja. Kila mtoto mchanga huzaliwa akiwa na mshipa mdogo unaounganisha mshipa mkubwa wa mwili na ule wa mapafu. Kwa kawaida mshipa huo hujifunga wenyewe siku chache nyuma ya kuzaliwa. Kwa watoto wa buluu, ule mfereji mdogo ulikuwa unawaokoa. Walikuwa na nafuu wakati ungali wazi. Ulipojifunga, hali ilibadilika vibaya sana. Basi, akajiuliza, kwa nini mpasuaji asitengeneze mfereji mwingine?

Mwaka 1938 Robert Gross wa Boston alikuwa ameshangaza ulimwengu kwa kuufunga mfereji huo kwa mtoto ambaye kwake ulibaki wazi na kumletea madhara. Taussig alisafiri kumwona, akamwomba afanye kinyume: atengeneze mfereji pale ambapo hakuna. Gross hakutaka. Ilikuwa ameanza kupata jina kwa kufunga, na huyu mama anakuja kumwomba afungue.

Aliyekubali ni Alfred Blalock, aliyefika Johns Hopkins mwaka 1941 kuongoza upasuaji. Lakini hapa ni lazima kumtaja mtu wa tatu, ambaye kwa muda mrefu vitabu vilimsahau. Vivien Thomas, Mmarekani mweusi, mtoto wa seremala, alikuwa anatamani kusomea uganga. Anguko la uchumi lililoanza mwaka 1929 lilivunja mpango huo. Akaingia kazi kwenye laboratware ya Blalock, akilipwa kwa cheo cha mfagiaji. Ndiye aliyefanya majaribio ya operesheni hiyo kwa mbwa karibu 200, na ndiye aliyepunguza vyombo vya kazi ili vitoshe kwenye mishipa ya mtoto mdogo. Siku ya Eileen, alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega la Blalock, akimwongoza hatua kwa hatua. Blalock mwenyewe alikuwa amefanya kazi hiyo mara moja tu kwa mbwa, tena akiwa msaidizi wa Thomas.

Walichukua mshipa unaopeleka damu kwenye mkono, wakaushona kwenye mshipa wa mapafu. Eileen alitoka mezani akiwa hai. Kwa muda fulani hali yake ilikuwa nzuri, kisha rangi ya buluu ikarudi, na alikufa akiwa bado mdogo sana. Wakati mwingine habari hii inasimuliwa bila sehemu hiyo ya mwisho. Wazazi wake walikubali kumtoa mtoto wao kwa operesheni ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa amekwisha kuipitia. Kila familia iliyofuata ilitembea kwenye njia ambayo hao walifungua.

Katika mwezi wa pili 1945 operesheni mbili nyingine zilifanyika. Ya pili kati yake ilikuwa ya mvulana wa miaka 6. Vibanio vilipoachiliwa na damu kuanza kupita, midomo yake ilibadilika rangi palepale, mbele ya macho ya waliokuwepo. Katika mwezi wa tano, Blalock na Taussig walitangaza matokeo kwenye gazeti la waganga wa Marekani. Jina la Thomas halikuwemo.

Kisha wazazi walianza kumiminika Baltimore, wengi bila kupewa siku. Wengine walitoka nchi za ng'ambo. Ndani ya mwaka mmoja hivi, watoto zaidi ya 200 walikuwa wamefanyiwa operesheni. Kazi ya Taussig ilikuwa kupambanua: huyu operesheni itamsaidia, huyu itamuua, huyu angojee kwanza akue. Mtu yeyote aliyekaa garde-malade kando ya kitanda cha mtoto anajua uzito wa dakika ile ambapo daktari anafungua mdomo. Naye hakuwaacha wakiisha kutoka hospitalini. Aliendelea kuwafuatilia kwa miongo, mpaka wale watoto wakawa watu wazima, na wasichana kati yao wakazaa watoto wao. Operesheni yenyewe haikuponya moyo. Iliwapa miaka, na kwa wengi miaka hiyo ilitosha kuwafikisha kwenye wakati ambapo wapasuaji waliweza kurekebisha moyo wenyewe.

Ufaransa ulimpa Légion d'honneur mwaka 1947. Chuo chake mwenyewe kilingoja mpaka 1959 kumfanya profesa kamili. Vivien Thomas alingoja zaidi: daktari wa heshima mwaka 1976.

Mwaka 1962 Taussig alisikia kutoka kwa mwanafunzi wake wa zamani kwamba huko Ujerumani watoto wengi wanazaliwa bila mikono ao miguu kamili. Akapanda ndege kwenda kujionea, akarudi kueleza hatari ya dawa iitwayo thalidomide, ambayo akina mama wajawazito walikuwa wanapewa. Frances Kelsey, aliyesimamia idhini ya dawa hiyo huko Washington, alikuwa amekwisha kukataa kuiruhusu. Ushahidi wa Taussig mbele ya bunge ulisaidia sheria za dawa kukazwa mwaka uleule.

Hakuolewa, hakuzaa. Alistaafu 1963 lakini aliendelea na uchunguzi, na katika uzee alikuwa anachunguza mioyo ya ndege. Tarehe 20 mwezi wa tano 1986, siku nne mbele ya kutimiza miaka 88, alikuwa anaendesha gari huko Pennsylvania akiwapeleka marafiki kupiga kura, gari lingine likamgonga. Mwili wake alikuwa ameuachia chuo cha Johns Hopkins, kwa ajili ya masomo ya waganga.