Funzo la Gallup: maoni si kura

Kila uchaguzi unapokaribia, magazeti na redio hujaa takwimu zinazobashiri ni nani atakayeibuka mshindi na ni nani atakayerudi nyumbani mikono mitupu. Wafuasi wa mwaniaji anayeongoza huzishangilia takwimu hizo, nao wafuasi wa anayefuata hudai kwamba zimepikwa. Ni wachache, hata miongoni mwetu walimu, wanaojiuliza takwimu zenyewe hupatikana vipi. Aliyechangia pakubwa kuuzoesha ulimwengu kuamini kwamba majibu ya watu elfu chache yanaweza kusimama badala ya mamilioni ni Mmarekani George Horace Gallup. Maisha yake yanastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa sayansi ya jamii na, nathubutu kusema, wa lugha pia.

Gallup alizaliwa tarehe 18 Novemba 1901 katika mji mdogo wa Jefferson, jimbo la Iowa, nchi ya wakulima. Alisomea Chuo Kikuu cha Iowa, ambako alikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi, na mnamo 1928 akahitimu shahada ya uzamifu. Tasnifu yake ilihusu namna ya kupima mambo yanayowavutia wasomaji wa magazeti. Badala ya kumuuliza msomaji hupenda kusoma nini, Gallup alikaa naye, akafunua gazeti ukurasa baada ya ukurasa, na kuandika ni habari zipi hasa zilizokuwa zimesomwa. Ilibainika kwamba watu wengi waliojinadi kuwa wasomaji wa tahariri walikuwa wakikimbilia vibonzo. Tangu ujana wake, basi, mtafiti huyu alijua kwamba kuna pengo baina ya anachosema mtu na anachotenda. Itakumbukwa kwamba pengo hilohilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye.

Baada ya kufundisha uandishi wa habari katika vyuo vikuu vya Drake na Northwestern, aliajiriwa mwaka 1932 na kampuni ya matangazo ya biashara ya Young & Rubicam mjini New York. Mwaka huohuo mama mkwe wake, Ola Babcock Miller, aliwania wadhifa wa Katibu wa Jimbo la Iowa na kushinda, akiwa mwanamke wa kwanza kuupata. Siasa ikawa imebisha hodi nyumbani kwa Gallup. Ikiwa sabuni na dawa ya meno huweza kupimwa sokoni, kwa nini wawaniaji wasipimwe? Mwaka 1935 alianzisha taasisi yake ya maoni ya umma huko Princeton, jimbo la New Jersey, akawa anauzia magazeti makala ya kila wiki.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa uchaguzi wa urais wa 1936. Wakati huo jarida la Literary Digest ndilo lililosifika kwa ubashiri. Lilituma kadi zipatazo milioni 10 kwa watu ambao majina yao yalitolewa hasa katika orodha za wenye simu na wenye magari, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, kisha likatangaza kwamba Alf Landon wa chama cha Republican angemshinda Rais Franklin D. Roosevelt. Gallup, aliyewahoji watu wachache mno kwa kulinganisha, alisema Roosevelt angeshinda. Alithubutu hata kubashiri, majuma kadhaa kabla, kwamba jarida hilo lingekosea na lingekosea kwa kiasi gani. Roosevelt alizoa takriban asilimia 61 ya kura, naye Landon akaambulia majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Katika miaka ya dhiki ya kiuchumi, mwenye simu na gari hakuwa na mawazo sawa na asiyekuwa navyo. Aidha, wengi walioandikiwa hawakujibu, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza. Miaka miwili baadaye Literary Digest lilikufa.

Mfano aliopenda kuutoa Gallup ni wa mpishi. Mpishi hanywi sufuria nzima ya mchuzi ndipo ajue kama chumvi imekolea. Kijiko kimoja humtosha, mradi mchuzi umekorogwa vyema. Mfano huu ni mzuri, lakini msomaji makini atatambua kwamba uzito wote umo katika neno kukoroga. Mbinu ya Gallup ya miaka hiyo ilikuwa ya mgao: kila mhoji aliagizwa ahoji wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, matajiri na maskini kadhaa, wazee na vijana kadhaa, lakini uamuzi wa kumhoji fulani na kumwacha fulani aliachiwa yeye. Isitoshe, Gallup alitaka sampuli yake ifanane na wapiga kura, si na wananchi wote. Wamarekani Weusi wa majimbo ya Kusini, waliozuiwa kupiga kura kwa kodi na vitisho, hawakuonekana sana katika takwimu zake, na wanawake pia walipunguzwa. Chombo kilichotangazwa kuwa sauti ya umma kiliwaziba vinywa tena watu waliokwisha kuzibwa vinywa.

Vita vya Pili vya Dunia vilizidisha ugumu. Uchaguzi wa tarehe 7 Novemba 1944, baina ya Roosevelt na Gavana Thomas Dewey wa New York, ulifanyika mamilioni ya vijana wakiwa jeshini, wengi wao ng'ambo. Sheria iliyopitishwa mwaka huo iliwawekea wanajeshi utaratibu wa kupiga kura, na papo hapo ikapiga marufuku kuwauliza wangempigia nani. Wafanyakazi nao walikuwa wamehama makwao kufuata viwanda vya silaha, na haikujulikana ni wangapi wangekuwa na haki ya kupiga kura huko walikohamia. Gallup aliona kwamba watakaojitokeza wangekuwa wachache, na kwa kuwa uchache huo kwa kawaida ulikiumiza chama cha Democratic, akampunguzia Roosevelt pointi mbili hivi. Alitangaza asilimia 51.5. Roosevelt alipata zaidi ya asilimia 53.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, lakini nchi ilikuwa vitani na makosa ya majimbo mengi yalikuwa yameelemea upande mmoja. Wabunge wa Democratic walishuku njama ya kumpendelea Dewey. Gallup aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, akaeleza punguzo lile na sababu zake. Wataalamu walioishauri kamati walizama katika jambo zito zaidi ya njama. Walionya kwamba mbinu ya mgao haikutoa hakikisho lolote kuwa waliohojiwa waliuwakilisha umma. Onyo hilo halikutiliwa maanani. Mwenye kushinda huwa mgumu wa kusikia, na Gallup alikuwa amembashiri mshindi mara tatu mfululizo.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata la kujifunza. Vita vilileta maswali ya masharti: je, ungempigia nani vita vikiendelea, na ungempigia nani vikiwa vimekwisha? Rais ni yuleyule na mpinzani ni yuleyule, lakini kishazi kimoja cha masharti kilitosha kuyageuza majibu, kwa kuwa wengi walimtaka Roosevelt kama amiri jeshi kuliko walivyomtaka wakati wa amani. Watafiti wa enzi hiyo walianza kuigawa sampuli mara mbili na kuliuliza kila kundi swali lilelile kwa maneno tofauti. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1941 na Donald Rugg, asilimia 62 walisema Marekani isiruhusu hotuba za kuipinga demokrasia. Lakini swali lilipokuwa kama nchi ipige marufuku hotuba hizo, waliokubali walikuwa asilimia 46. Kimantiki, kutoruhusu na kupiga marufuku ni jambo moja. Katika sikio la mwananchi si jambo moja hata kidogo, kwani kupiga marufuku kuna ukali ambao watu huuogopa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka 1948 Gallup alitangaza kwamba Dewey angemshinda Rais Harry Truman, asilimia 49.5 kwa 44.5. Alikuwa ameacha kuhoji mapema mno, akidhani mambo yamekwisha kuamuliwa. Truman alishinda kwa takriban asilimia 49.5, na gazeti la Chicago Daily Tribune likabaki na aibu ya kichwa cha habari kilichomtangaza Dewey mshindi. Uchunguzi wa wanazuoni ulirudia lawama zilezile za 1944. Safari hii Gallup alisikia. Aliiacha mbinu ya mgao, akageukia sampuli ya nasibu na kuendelea kuhoji hadi siku za mwisho kabla ya uchaguzi. Ni heshima kwake kwamba alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi zaidi bila kuficha takwimu zilizomwaibisha. Alifariki tarehe 26 Julai 1984 nchini Uswisi, akiwa na umri wa miaka 82.

Sisi wa Afrika Mashariki tumerithi chombo chake, pamoja na utata mmoja wa kwetu. Kwa Kiswahili, kura ya maoni ni jina la mambo mawili. Wakenya walipoikataa rasimu ya katiba mwaka 2005 na walipoipitisha katiba mpya mwaka 2010, walipiga kura ya maoni. Na kampuni inapowahoji watu elfu mbili kuhusu wawaniaji, tunasema pia kwamba imefanya kura ya maoni. Tendo la kwanza huamua hatima ya taifa. La pili halimwapishi mtu. Kuyaita yote mawili kura ni kumpa mhoji mamlaka ya debe. Ni afadhali tulizoee jina la utafiti wa maoni, na tuwafundishe wanafunzi wetu kulitumia.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa matokeo ya tafiti hizi inawataka wachapishaji waeleze nani aliugharamia utafiti, watu wangapi walihojiwa na maswali yalikuwa yapi. Sheria hiyo ni nzuri, lakini haina faida ikiwa msomaji huruka maelezo hayo na kukimbilia asilimia. Mwalimu anaweza kuleta gazeti darasani, akawaomba wanafunzi watafute swali lenyewe kama lilivyoulizwa, lugha lililoulizwa, na kundi la watu lililoachwa nje. Kisha waliandike upya swali hilo kwa njia tatu na kuona majibu yatakavyogeuka. Gallup aliyafahamu mambo hayo kwa gharama ya jina lake. Vijana wetu wanaweza kuyajua kwa bei ya gazeti.