MFAHAMU CONRAD HUBERT, MZEE WA TOCHI NA BETRI

Niko cafe hapa na dakika zinakimbia, kwa hiyo tuvumiliane nikikosea herufi.

Juzi usiku umeme ulikatika mtaani kwetu. Hilo siyo habari. Habari ni kwamba dogo alibanwa na pumu gizani, bi mkubwa akaenda moja kwa moja kabatini akachukua tochi ya dharura (ndivyo tunavyoiita nyumbani), akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Ile dawa ya kuvuta tuliipata kwa kupapasa, na mwanga wa simu iliyokuwa imebakiza chaji kiduchu. Dogo sasa hivi yuko poa, tunashukuru Mungu. Asubuhi nikaifungua ile tochi: betri zimevimba, zimetoa unga na majimaji, springi imeliwa kabisa. Tochi yenyewe ilikuwa nzuri na haijatumika hata mara kumi!

Nikaja hapa na hasira zangu, nataka nimjue nani alituletea haya mambo. Ndipo nikakutana na Conrad Hubert. Kama jina hulijui, kampuni yake unaijua: ni Eveready, zile betri za paka anayeruka ndani ya namba 9, ambazo wenzetu Wakenya walikuwa wanazitengeneza pale Nakuru mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2014.

Jamaa alizaliwa katikati ya miaka ya 1850 mjini Minsk. Enzi hizo mji ulikuwa chini ya dola ya Urusi, leo ndio mji mkuu wa Belarus. Wazazi walimpa jina la Akiba Horowitz. Ilikuwa familia ya Kiyahudi, ya watu wa biashara ya pombe, naye akaingia humo humo. Lakini miaka ile Wayahudi wa Urusi walikuwa wamebanwa kila upande na maelfu walikuwa wanakimbilia Marekani. Kwenye mwaka 1891 naye akapanda meli. Alikuwa na miaka kama 35, umri ambao huku kwetu mtu anaambiwa ameshachelewa maisha. Alipofika New York akabadilisha jina, akawa Conrad Hubert.

Sasa sikiliza hustle ya huyu mzee. Alifungua duka la sigara. Akawa na mgahawa. Akapangisha vyumba. Akajaribu shamba, akauza maziwa, akawa na duka la vito. Hakuna hata kimoja kilichomtoa! Mimi nilivyosoma hapo nikapumzika kidogo, maana nimemaliza form four na mpaka sasa nimeshajaribu vitatu tu.

Kilichomtoa ni mchezo wa kuchezea. Miaka ya 1890 umeme ulikuwa kitu cha ajabu, watu walikuwa tayari kulipia chochote kinachowaka. Hubert akaanzisha kampuni ya kuuza vikorokoro vya umeme, kwa mfano pini za tai zenye taa ndogo. Unavaa tai, unabonyeza, kifua kinawaka, washikaji wanacheka. Kuna hadithi maarufu kwamba alinunua wazo la chungu cha maua chenye taa kutoka kwa Joshua Lionel Cowen, yule wa treni za kuchezea watoto, halafu akatoa taa akatupa maua. Ni hadithi tamu, ila wengi waliochunguza mambo ya tochi hawaiamini, na mimi nipo upande wao. Sababu ni kwamba kuna mtu mwingine ambaye karatasi zake zipo.

Huyo mtu ni David Misell, mvumbuzi aliyekuwa ameshatengeneza taa kadhaa za umeme. Ndiye aliyepanga betri mstari mmoja ndani ya bomba la karatasi ngumu, akaweka balbu mbele na kioo cha shaba cha kusukuma mwanga. Hataza ilitolewa Marekani tarehe 10 Januari 1899, namba 617,592, kwa jina la Misell kama mvumbuzi, lakini haki zikaenda kwa kampuni ya Hubert. Ukiichora leo tochi ya kawaida, umechora ile ile. Misell hakuna anayemkumbuka, Hubert ndiye anayeitwa baba wa tochi. Mnaosema kipaji kinatosha mnisaidie hapo.

Kazi ya kuuza ndiyo Hubert aliiweza. Alichukua tochi kadhaa akawapa bure polisi wa New York, watu wanaozunguka usiku kwenye vichochoro. Polisi wakazipenda, wakaandika barua za kuzisifia, naye akazichapa barua hizo kwenye katalogi yake. Promo hiyo, mwaka 1899! Kwa mtu mwenye nyumba ya mbao na taa ya mafuta, kitu kinachotoa mwanga bila moto kilikuwa ukombozi. Anayekaa kwenye nyumba yenye kibatari, mapazia na watoto anaelewa ninachosema.

Lakini tochi zenyewe zilikuwa hovyo, jamani. Balbu za nyuzi za kaboni zilikula umeme mwingi na kuugeuza joto, betri nazo zilikuwa dhaifu. Ulikuwa unamulika sekunde chache, unaachia ipumzike, unamulika tena. Ndiyo maana Wamarekani mpaka leo wanaiita kwa jina la kumweka, kama radi inavyomweka. Hata swichi ya kuiacha ikiwaka hawakuihitaji sana, ilikuwa ni kipete cha chuma unakigusisha basi. Mambo yalianza kunyooka balbu za tangsteni zilipoingia, kwenye mwaka 1910 hivi.

Hapa ndipo kwenye kiini cha habari yangu. Tochi unamuuzia mtu mara moja. Betri atarudi kununua maisha yake yote. Na betri haikuwa mali ya Hubert. Betri kavu ilitokana na kazi ya Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866, ambaye yake ilikuwa na maji maji ndani, halafu Mjerumani Carl Gassner miaka ya 1880 akaikausha kwa kutumia uji mzito ndani ya kopo la zinki. Kampuni ya National Carbon ya Cleveland ndiyo ikaanza kuzimwaga sokoni mwaka 1896, na mwaka 1898 ikatoa ile saizi kubwa ya tochi tunayoijua mpaka leo. Mwaka 1906 National Carbon wakanunua nusu ya kampuni ya Hubert kwa dola 200,000, mwaka 1914 wakachukua yote. Yaani mwenye betri alimmeza mwenye tochi.

Na lile kopo la Gassner ndilo lililoniharibia tochi. Kwenye betri ya kawaida, zinki siyo chupa tu ya kubebea, ndiyo inayoliwa ili umeme utoke. Kadiri unavyotumia, ukuta unakuwa mwembamba, na hata ukiiacha imekaa inaendelea kuliwa polepole. Siku ukuta ukitoboka, ule uji unamwagika kwenye springi. Kwa hiyo sisi tuliofunga betri ndani ya tochi tukaiweka kabatini tukidhani tumejiandaa, tulikuwa tunaitengenezea kaburi.

Hapo hapo nijibu lile la kuanika betri juani, maana hata marehemu babu alikuwa anafanya, nyingine akiziuma na meno. Inafanya kazi kweli, kidogo. Joto linachangamsha kemikali na unapata mwanga wa dakika chache. Ila unaharakisha kukauka na kuvuja, kwa hiyo kama ni za redio ya kusikilizia mpira poa, za dharura usithubutu.

Dukani angalia maandishi ya ubavuni. R20 ni ile kubwa ya kawaida ya zinki na kaboni, LR20 ni alkalaini. Hiyo L moja ndiyo inayopandisha bei. Alkalaini ilitoka kwenye maabara ya Eveready hao hao, kazi ya Lewis Urry miaka ya 1950, Hubert ameshakufa zamani. Inatunza nguvu miaka mingi kuliko ya kawaida, kwa hiyo kwa tochi ya kukaa inakusubiri ndiyo naikubali, ingawa nayo ikisahaulika humo ndani huvuja. Kama tochi unaitumia kila siku kwendea chooni, R20 zinakutosha, tena ukiwa na tochi ya LED zinadumu, maana LED inakula umeme kidogo mno ukilinganisha na balbu za mzee Hubert. Angalia pia tarehe ya mwisho. Na usichanganye mpya na iliyochoka, ile dhaifu inazivuta wenzake na ndiyo inayoanza kuvuja. Zile tochi za kuchaji ni safi, ila betri yake haitaki kukaa tupu miezi, ukiisahau kabatini utaikuta maiti.

Sisi tumeamua hivi: tochi moja ya LED ya betri mbili, saizi sawa na ya redio ili tuazimane, betri zinakaa kwenye paketi yake pembeni ya tochi, na bi mkubwa anaijaribu kila mwisho wa mwezi. Betri tunaingiza jioni, asubuhi tunatoa. Dogo ndiye amepewa kazi hiyo na anaipenda kupita kiasi.

Hubert hakuondoka kwenye tochi hata baada ya kuuza, alikuja kuendesha kampuni nyingine ya tochi, Yale Electric. Alifariki mwaka 1928 akiwa Cannes, kusini mwa Ufaransa, na ameacha mali ya kama dola milioni 8. Robo tatu aliagiza ziende kwenye misaada bila kutaja ziende kwa nani. Wakateuliwa watu watatu wazigawe: Calvin Coolidge aliyekuwa rais wa Marekani, Alfred Smith wa chama pinzani aliyeshindwa urais mwaka 1928, na tajiri Julius Rosenwald, Myahudi kama yeye. Mahasimu wa siasa wakakaa meza moja kugawa milioni 6 za mtu aliyeanza na duka la sigara.

Dakika zangu zimebaki mbili. Mdau anayejua jinsi ya kusafisha springi iliyoliwa na betri aweke hapo chini, bado sijaitupa ile tochi.