Alan Turing: Aliyecheza sataranji kwa kompyuta ya karatasi

KIJANA wa Mbeya au Iringa anayetafuta kompyuta ya kuchezea sataranji, mchezo ambao wengi huuita chesi, hukabiliwa na swali zito dukani: je, prosesa ya bei kubwa italeta ushindi unaolingana na fedha zake? Mwanga juu ya swali hilo umo katika maisha ya Mwingereza Alan Turing, aliyefariki dunia kabla kompyuta hazijawa bidhaa ya dukani.

Turing alizaliwa London, Juni 23, 1912. Mwaka 1936, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, alieleza kinadharia mashine moja iwezayo kufanya hesabu za kila namna kwa kufuata maelekezo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi Bletchley Park, ambako alisaidia kufumbua maandishi ya siri ya mtambo wa Wajerumani, Enigma.

Mwaka 1948, yeye na mchumi David Champernowne walianza kutunga programu ya sataranji, Turochamp. Kompyuta ya kuiendesha haikuwapo. Hivyo mwaka 1952 Turing aligeuka prosesa yeye mwenyewe: alishika kalamu na karatasi, akafuata kanuni zake dhidi ya Alick Glennie. Kila hatua ilichukua yapata nusu saa, na katika hatua ya 29 alishindwa.

Kushindwa huko kuliacha funzo. Kila zamu ya sataranji huwa na njia zipatazo 30, hivyo zamu nne tu huzaa njia 810,000. Turing hakuiacha programu yake ifuate zote kwa urefu sawa. Iliendelea mbele zaidi hasa pale ambapo kete zinaliwa.

Miaka ya baadaye ilithibitisha thamani ya uteuzi huo. Mwaka 1997, Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, ikipima nafasi milioni 200 kwa sekunde. Mwaka 2009, programu ya Pocket Fritz 4, ikiwa ndani ya simu ya mkononi, ilitwaa ubingwa mjini Buenos Aires kwa pointi 9.5 kati ya 10, ikipima nafasi zisizozidi 20,000 kwa sekunde.

Kasi ina faida yake, kwani programu ileile huona mbali zaidi ikiendeshwa na prosesa yenye kasi. Lakini kwa kuwa njia huongezeka mno kila zamu, bei maradufu hainunui nguvu maradufu.

Mwaka huohuo wa 1952, Turing alitiwa hatiani kwa uhusiano na mwanamume, jambo lililokuwa jinai Uingereza. Alifariki Juni 7, 1954, akiwa na umri wa miaka 41. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka 2013. Hakuwahi kuiona Turochamp ikicheza ndani ya mashine.

Kwa mnunuzi wa Mbeya au Iringa, urithi wake ni huu: programu nzuri itangulie, prosesa ifuate.