YUSUF BIN HASAN NA MERIKEBU ZAKE TATU

Sisi wa hapa Mackinnon Road tumezoea vumbi la barabara kuu kuliko mawimbi. Hata hivyo, mji wetu una jina la mwenye meli, Sir William Mackinnon. Basi si ajabu nikiwaletea habari za mtu aliyeendeshwa na merikebu maisha yake yote, yaani Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa.

Ndani ya Fort Jesus imo michoro ya ukutani ya karne ya 17, kazi ya Wareno waliokaa humo. Walichora merikebu. Gede na Kilwa nako kuna vyombo vilivyochorwa kwa ncha kali kwenye kuta. Mimi nikiitazama michoro ya Fort Jesus nasoma maisha ya Yusuf, ingawa waliochora hawakumkusudia yeye.

Merikebu ya kwanza ilimchukua akiwa mtoto wa miaka kama saba. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na Wareno akauawa mwaka 1614. Mtoto akapelekwa Goa, Bara Hindi, akalelewa na mapadri, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Hebu fikiri, kulishwa na mkono uliomuua babako!

Merikebu ya pili ilimrudisha Mombasa kutawala. Lakini kutawala gani huko? Kapteni wa ngome alimdharau. Tena yasemekana alionekana akiomba Kiislamu kaburini kwa baba yake, na kapteni akataka kumshtaki Goa. Mnamo Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni huyo, Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika Uislamu. Wareno wengi waliuawa, na Waafrika waliobatizwa pia, hata wanawake na watoto. Dhuluma aliyotendewa yeye haiwezi kulifunika jambo hilo.

Mwaka 1632 manowari kutoka Goa zilimzingira, zikashindwa, zikaondoka. Yusuf alijua zitarudi tu. Akabomoa sehemu ya ngome, akapanda merikebu ya tatu, aliyowateka Wareno wenyewe. Akawa mharamia, akiwinda vyombo vyao hadi alipofariki mwaka 1638, pande za Bahari ya Shamu.

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni mle chini yanamokusanyika maji. Yusuf alikwenda tezi na omo, lakini marejeo hakuyapata. Mara mbili usukani wake ulishikwa na wengine. Alipoushika mwenyewe, kumbe hana tena bandari ya kutia nanga.

Mwanafunzi mwenzangu, ukizuru Fort Jesus usiipite michoro ile mbio mbio. Simama uitazame, kisha ujiulize usukani wako wewe umeshikwa na nani.