Fisher na droo ya darasa letu

Semesta iliyopita, nikiwa CR, niliangushiwa kazi ya kuchezesha droo: nani aanze kuchagua sehemu ya kwenda field. Majina 24. Nikaandika mstari mmoja wa JavaScript, nikaiambia ipange orodha huku ikijibu ovyo kila inapolinganisha majina mawili. Mwenzetu mmoja akalalamika. Ili nimnyamazishe nikairudia droo mara 10,000. Kumbe jamaa yuko sahihi, majina mengine yalikuwa yanapendelewa waziwazi.

Kutafuta dawa ndiko kulikonikutanisha na Ronald Fisher. Alizaliwa London mwaka 1890, macho mabovu tangu utotoni. Akiwa shuleni Harrow alikatazwa kusoma kwa taa ya umeme, hivyo akafundishwa hesabu bila kalamu wala karatasi, akazoea kuziona kichwani. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza jeshi lilimkataa kwa macho hayohayo, akaenda kufundisha shule, kazi ambayo hakuipenda kabisa. Mwaka 1919 akaingia Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo chenye majaribio ya tangu 1843. Huko alikutana na tatizo langu likiwa shambani: mtafiti akijichagulia kipande kipi kipate mbolea, upendeleo unaingia hata kama hana nia mbaya. Fisher akasema vipande vipigiwe kura.

Mwaka 1938 yeye na Frank Yates walichapisha kitabu cha majedwali, na ndani yake njia ya kuchanganya orodha kwa penseli. Unachagua namba kwa bahati nasibu kati ya 1 na idadi ya majina yaliyobaki, unahesabu hadi hapo, unalikata jina hilo na kuliandika kwenye orodha mpya. Unarudia mpaka yaishe. Basi! Kila mpangilio unapata nafasi sawa.

Simpambi lakini. Alitetea fikra za kuchagua watu gani wazae zaidi, na uzeeni alibisha kwamba sigara huleta saratani huku akiwa mshauri wa watengenezaji wa tumbaku. Mwaka 2020 chuo chake cha Cambridge, Gonville and Caius, kiliamua kuliondoa dirisha lililomkumbuka.

Alifia Adelaide, Australia, mwaka 1962. Miaka miwili baadaye Richard Durstenfeld aliigeuza ile penseli kuwa programu: jina la mwisho linabadilishana nafasi na lolote lililochaguliwa, likiwemo lenyewe, kisha unapanda juu hatua moja.

Jumatatu nilirudia droo kwa njia hiyo, darasa zima likiangalia. Mimi nikatoka wa 22.