MARY BRECKINRIDGE, MAMA WA WAZALISHAJI WA MILIMANI

Mara hii tunawapa maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani. Mary Breckinridge alizaliwa tarehe 17 Februari 1881 katika mji wa Memphis. Jamaa yake ilikuwa ya watu wakubwa: babu yake alikuwa makamu wa rais wa Marekani, na baba yake alitumwa Urusi kuwa balozi. Kwa hiyo Mary alikua bila kukosa kitu.

Lakini ukubwa wa jamaa hauzuii kifo. Aliolewa mwaka 1904, mume akafa mwaka 1906. Akaingia masomo ya uuguzi New York, akamaliza mwaka 1910, kisha akaolewa tena. Mwaka 1914 alizaa mtoto mwanaume. Mwaka 1916 alizaa mtoto mwanamke mbele ya wakati, naye hakumaliza hata siku moja. Yule wa kwanza naye akafa mwaka 1918, akiwa na miaka mine tu. Ndoa nayo ikavunjika. Mary akakata shauri kutumikia watoto wa watu wengine.

Baada ya vita kuu ya kwanza alikwenda Ufaransa kusaidia mama na watoto wa vijiji vilivyoharibiwa. Kule aliona wauguzi Waingereza ambao walikuwa wazalishaji vilevile. Mwaka 1923 akapanda mnyama, akazunguka milima ya Kentucky, nyumba kwa nyumba, akiuliza wazalishaji wa kienyeji namna wanavyofanya kazi. Wengi walikuwa wazee wasiopata masomo, na mganga wa diplomu alikuwa mbali sana. Ndipo akavuka bahari kwenda London kujifunza kuzalisha, ingawa alikwisha kupita miaka 40. Akafika Scotland pia, kuona namna wauguzi wanavyotumika kati ya watu wa milima na visiwa.

Mwaka 1925 alianza kazi katika wilaya ya Leslie, kule Kentucky. Barabara ya motokari hapana. Mara nyingi njia ilikuwa ndani ya mto wenyewe. Wauguzi walipanda farasi, dawa na vyombo ndani ya mifuko ya ngozi. Mama mwenye mimba aliandikwa mapema, akapimwa mara kwa mara, akazalishwa nyumbani kwake. Kisha muuguzi alirudi kumwangalia yeye na mtoto. Mume akija kuita usiku, hata wakati wa baridi kali, muuguzi alitoka. Vituo vidogo 6 vilijengwa huku na huku, na mwaka 1928 lopitali ndogo ya Hyden ikafunguliwa kwa wenye shida kubwa. Malipo ya uzazi yalikuwa dola 5. Asiye na feza alileta chakula cha farasi ao alifanya kazi ya mikono.

Faida yake ilikuwa nini? Kampuni ya bima Metropolitan ilihesabu uzazi 10,000 wa kwanza. Katika hizo 10,000 walikufa mama 9 hivi. Kwa Marekani nzima, miaka ile ile, hesabu ilikuwa 34. Na watu wa milima ile walikuwa kati ya maskini kabisa wa inchi ile.

Mwaka 1939 vita vilianza Ulaya, wauguzi Waingereza wengi wakarudi kwao. Kazi ilitaka kufa. Mary akafungua shule ya wazalishaji palepale milimani, mwaka uleule.

Kosa lake tusilifiche. Alishika ubaguzi wa rangi wa watu wa kusini mwa Marekani, na hakutaka wauguzi weusi katika kazi yake. Mtu anaweza kuona mbali kwa jambo moja na kuwa kipofu kwa jambo lingine.

Alikufa tarehe 16 Mei 1965, miaka 84, katika nyumba yake ya Wendover, kule kule milimani.

Wewe unayefikiri kuingia shule ya uuguzi, angalia vizuri mama wale waliokoka kwa njia gani. Barabara ilikuwa haijafika bado, wala waganga wengi. Aliyefika ni mzalishaji mwenye masomo, naye alifika mapema, wakati mimba ingali changa, akarudi tena na tena. Farasi alitosha.